Jengo la Mashetani Kwenye Televisheni na Mikataba Tunayoisaini Majumbani Mwetu



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi siku ya mwisho.

Tumeletewa swali na mama mmoja wa mjini Unguja anayeishi ghorofa ya tatu katika mojawapo ya nyumba za maendeleo. Mwanawe wa kike, mwenye umri wa miaka tisa, alikwenda kulala kwa binamu zake. Huko walitazama kwenye simu tamthilia ya Kimarekani inayohusu jengo la ghorofa lenye mashetani. Tangu siku hiyo mtoto hapandi ngazi peke yake, haendi msalani bila ya kusindikizwa, na usiku huamka akilia kwamba ukutani kuna mtu anagonga. Mama anasema naye pia ameanza kuusikia mgongo huo. Bibi wa mtoto ameshauri aletwe mganga "aisafishe nyumba." Mganga ametaka shilingi laki sita na mbuzi mweusi. Baba yuko safarini na fedha hakuna, lakini kuna mtu mtaani yuko tayari kumkopesha mama laki sita, azirejeshe laki tisa baada ya miezi miwili. Swali lake ni hili: je, inajuzu kukopa kwa ajili ya dharura kama hiyo?

Tumeona swali hili tusilijibu kwa mstari mmoja, kwa sababu ndani yake mna mambo manne yaliyoshikana: tunachokitazama, tunachokiogopa, tunayemkimbilia na tunachokisaini. Na kwa bahati tamthilia yenyewe iliyomtia hofu mtoto huyo inahusu mikataba. Basi tuanze hapo.

Tamthilia yenyewe inasema nini

Inaitwa 666 Park Avenue. Ilianza kuonyeshwa Marekani na kituo cha ABC tarehe 30 Septemba 2012, na msingi wake ni riwaya ya mwandishi Gabriella Pierce. Haikudumu. Watazamaji walikuwa wachache, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo kituo kikatangaza kwamba haitaendelea. Sehemu zilizobakia zilimalizwa kuonyeshwa Julai 2013, na jumla zilikuwa 13 tu. Lakini kama tujuavyo, filamu ikifa kwao haifi kwetu. Huzunguka kwenye flashi, kwenye simu na katika vibanda vya kuchoma filamu miaka mingi baada ya wenyewe kuisahau.

Kisa chake ni cha vijana wawili, Jane na Henry, mwanamme na mwanamke wanaoishi pamoja bila ya ndoa. Wanaajiriwa kusimamia jengo kubwa la kifahari mjini New York liitwalo The Drake. Mwenye jengo ni tajiri mmoja, Gavin Doran, aliyeigizwa na Terry O'Quinn, na mkewe Olivia ameigizwa na Vanessa Williams. Gavin ni mpole wa maneno, anavaa vizuri na hapandishi sauti. Kila mpangaji ana kitu anachokitamani kupita kiasi, na Gavin hukijua. Mmoja anataka umaarufu, mwengine anataka mke wake aliyefariki arudi. Gavin huwapa, nao husaini. Muda ukifika huja kudai, na jengo lenyewe huwameza. Sehemu ya kwanza inafungua na mpiga fidla aliyepewa kipaji kwa mkataba wa miaka kumi, na miaka kumi imekwisha.

Anwani ya jengo katika kisa ni 999. Ukiipindua inakuwa 666, namba ambayo Wakristo huitambua kutoka Kitabu cha Ufunuo kuwa ni namba ya mnyama. Sisi Waislamu hatuna mafundisho yoyote kuhusu namba hiyo, wala haitudhuru wala haitufai. Tunalisema hili kwa sababu wapo vijana wetu wanaoogopa namba ya simu au ya gari kwa kuwa ina sita tatu. Huko ni kuamini mikosi, jambo ambalo Mtume (S.A.W.) amelikataza.

Na jengo linaloonekana kwa nje ni jengo la kweli. Linaitwa Ansonia, lilijengwa mwanzoni mwa karne iliyopita, na liko barabara ya Broadway, wala si Park Avenue. Watu wanaishi humo, wanapika, wanalea watoto na wanalipa kodi. Wazazi wawaambie watoto wao hivyo. Mlango ule mliouona ukimmeza mtu, kesho yake asubuhi mtu mwengine alipita na mkoba wake akenda kazini.

Kwa nini Wamarekani wanaogopa maghorofa

Hii si tamthilia ya kwanza ya aina yake. Mwaka 1968 ilitoka filamu ya Rosemary's Baby, ambayo nayo ni ya jengo la ghorofa New York na majirani walioshirikiana na Shetani. Wajapani walitengeneza Dark Water mwaka 2002, kisa cha mama na mwanawe katika ghorofa inayovuja maji. Wakorea wakaleta Sweet Home mwaka 2020, wapangaji wa jengo moja wanaogeuka majitu. Inafaa tujiulize kwa nini nchi tajiri, zenye umeme usiozimika, zinarejea mara kwa mara kwenye hofu hii moja.

Kwa mtazamo wetu, sababu kubwa ni upweke. Katika miji ile mtu huweza kuishi miaka kumi akitenganishwa na jirani yake kwa ukuta mmoja tu, asijue jina lake. Anasikia hatua juu ya dari, anasikia mlango, anasikia kilio, lakini hajui ni cha nani. Jirani asiyejulikana huwa kitu cha kutisha. Lau angekuwa anampelekea sahani ya futari, sauti ile ya darini isingekuwa zimwi. Ingekuwa ni mtoto wa fulani anacheza mpira.

Sababu ya pili ni nyumba yenyewe. Tamthilia hii ilitoka miaka minne baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, pale benki kubwa ya Lehman Brothers ilipoanguka na mamilioni ya Wamarekani wakapoteza nyumba zao. Walikuwa wamesaini mikopo ya riba ambayo wengi wao hawakuielewa. Riba ikapanda, wakashindwa, wakatolewa nje pamoja na vyombo vyao. Hatusemi kwamba waandishi wa tamthilia walikusudia kulieleza hilo. Lakini mtu aliyepitia miaka ile akimuona tajiri mpole anayempa mpangaji kalamu, hana haja ya kuelezwa kinachomtisha.

Inapokosea

Muislamu anaamini kuwepo kwa majini. Hilo limo ndani ya Qur'ani, ipo sura nzima kwa jina lao, na anayelikanusha amekanusha Qur'ani. Tunaamini pia kwamba majini wanaweza kuwemo majumbani, na Hadithi sahihi zimelitaja hilo. Kwa hiyo hatumjibu mama huyu kama wanavyojibu wasioamini, kwamba hakuna kitu.

Tatizo la tamthilia kama hizi ni kiasi cha nguvu anazompa Shetani. Ndani ya The Drake, Gavin anajua yaliyofichika, anafufua wafu, anatoa uhai na kuuchukua, na kila anayejaribu kutoka anarudishwa. Mtazamaji, hasa mtoto, anaondoka na picha kwamba mwenye amri juu ya nyumba ni huyo. Kwetu sisi hii ni khatari ya itikadi kabla haijawa khatari ya usingizi. Allah (S.W.) ametufundisha katika Suratun Nisaa, aya ya 76, kwamba vitimbi vya Shetani ni dhaifu. Ametufundisha katika Suratul Baqara, aya ya 102, kwamba hata wachawi hawawezi kumdhuru mtu isipokuwa kwa idhini Yake. Na majini hawajui ghaibu. Katika Suratu Sabai, aya ya 14, tunaelezwa kwamba waliendelea kufanya kazi ngumu mbele ya Nabii Sulayman (A.S.) naye ameshafariki, na hawakutambua mpaka mdudu alipoila fimbo yake akaanguka. Viumbe walioshindwa kumjua maiti aliye mbele ya macho yao, vipi watajua ajali yako na yangu?

Pia angalieni tofauti ya nyumba na nyumba. Katika The Drake milango haina ulinzi. Ama sisi, Mtume (S.A.W.) ametueleza katika Hadithi ya Jabir (R.A.) iliyopokewa na Muslim kwamba mtu akiingia nyumbani kwake akamtaja Allah, na akamtaja tena wakati wa kula, Shetani huwaambia wenzake kwamba usiku huo hapana malazi wala chakula. Na asipomtaja, Shetani hujiona amepata vyote viwili. Kwa hiyo ufunguo wa mlango uko mikononi mwa mwenye nyumba, na ufunguo huo ni ulimi wake. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuutumia. Hilo ndilo la kumfundisha mtoto huyu anayeogopa ngazi.

Inapogusa ukweli bila ya kukusudia

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo tamthilia hii imelipata vizuri kuliko mahubiri mengi. Gavin hamlazimishi mtu. Hamshiki mkono mpangaji akamsainisha kwa nguvu. Anamuuliza tu: unataka nini? Na mtu mwenyewe hujifunga kwa tamaa yake. Wahenga wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Allah (S.W.) ametueleza katika Suratu Ibrahim, aya ya 22, kile atakachokisema Shetani siku hukumu itakapokwisha kupitishwa. Atakiri kwamba ahadi ya Allah ilikuwa ya kweli na ahadi zake yeye zilikuwa za uongo. Atasema kwamba hakuwa na mamlaka yoyote juu ya watu ila aliwaita nao wakamuitika, basi wasimlaumu yeye bali wajilaumu wenyewe. Huo ndio mwisho wa mkataba wake kwa ulimi wake mwenyewe. Kila mmoja wetu aisome aya hiyo usiku wa leo pamoja na tafsiri yake.

Sasa tulinganishe mikataba miwili. Mkataba wa Gavin ni wa siri, hauna shahidi, masharti yake yamefichwa, na anayesaini yuko katika hali ya msiba au tamaa. Mkataba wa Kiislamu umeelezwa katika Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ni aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani. Deni liandikwe, muda wake ujulikane, mwandishi awe muadilifu, mwenye kudaiwa ndiye atamke maneno ili ajulikane kuwa ameyafahamu, na akiwa dhaifu basi msimamizi wake amtamkie, na wawepo mashahidi. Kila hofu iliyomo ndani ya The Drake imefungiwa mlango na aya hiyo moja.

Na tabia moja ya Gavin ni kuwagombanisha mume na mke. Nayo si ngeni kwetu. Katika Sahih Muslim imekuja kwamba Iblis hutuma majeshi yake, na aliye karibu naye zaidi ni yule anayerejea kusema kwamba hakumuacha mtu mpaka amemfarikisha na mkewe. Shetani hana haja ya jengo la kifahari. Anatosheka na jiko la chumba kimoja ambamo mama ameficha deni na baba hana habari.

Mganga na mkopeshaji ni mlango mmoja

Turudi kwa mama yetu. Tazameni jinsi alivyofikishwa. Kwanza ilikuja picha ya simu. Picha ikazaa hofu, hofu ikamleta mganga, na mganga akamleta mkopeshaji. Hakuna jini aliyeonekana katika safari yote hii, lakini mwisho wake familia itakuwa imepoteza mambo matatu: itikadi, fedha na amani.

Kuhusu mganga anayedai kujua yaliyofichika, Hadithi ziko wazi. Katika Sahih Muslim imekuja kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza kitu, Sala yake haikubaliwi siku arubaini. Na akimsadiki, jambo lake ni zito zaidi, kwani imepokewa kuwa amekufuru yale yaliyoteremshwa kwa Muhammad (S.A.W.). Alama zao wanazuoni wamezitaja: anauliza jina la mama yako, anataka nguo au nywele, anataka mnyama wa rangi maalumu achinjwe kwa masharti yake, anaandika talasimu zisizosomeka, na anakwambia usitaje jina la Allah pahala fulani. Mbuzi mweusi wa mganga huyu anatosha kuwa jibu. Kuchinja ni ibada, na ibada haifanywi kwa ajili ya majini. Suratul Jinn, aya ya 6, inatueleza kwamba watu waliokuwa wakijikinga kwa majini hawakuongezewa ila uzito na upotovu. Yaani dawa ya mganga ndiyo ugonjwa.

Si maneno matupu haya. Huko Tanzania Bara, imani kwamba utajiri unapatikana kwa waganga imewagharimu maisha ndugu zetu wenye ualbino, waliouawa na kukatwa viungo. Mwezi Januari 2015 Serikali ilifikia hadi kupiga marufuku waganga wa aina hiyo. Na hivi leo simu zetu zinaingia ujumbe wa watu wasiojulikana wanaomwita mtu ajiunge na chama cha siri apate mali kwa haraka, kwa sharti atume kwanza ada ya kujiunga. Huyo ni Gavin asiye na jengo. Kijana aliyezoea kuona katika tamthilia kwamba utajiri wa ghafla ni mkataba tu, huyo ndiye anayenaswa.

Kuhusu mkopo, laki sita kurudi laki tisa ni riba, na riba ni haramu. Hapana khilafu katika hilo. Suratul Baqara, kuanzia aya ya 275 hadi 279, imemfananisha mla riba na aliyepagawa na Shetani, na imemtangazia vita kutoka kwa Allah na Mtume Wake. Angalieni ajabu ya mambo: mama anataka kumtoa Shetani nyumbani kwa fedha ambazo Qur'ani yenyewe imezifungamanisha na mguso wa Shetani. Dharura inayohalalisha haramu ina masharti yake kwa mafakihi. Ni pale uhai au kitu cha lazima kinapokuwa katika khatari, na hapana njia nyengine. Kumlipa mganga si dharura, kwani lenyewe ni haramu, na haramu haiwi dharura ya haramu nyengine. Mikopo hii mitaani wenyewe wanaiita kausha damu. Na wazee wetu wamesema kukopa harusi, kulipa matanga.

Tumewahi kuyaona haya

Wenzetu waliozaliwa karibuni huenda hawakumbuki, lakini sisi watu wa visiwa hivi tunajua khofu ikiachiwa inafika wapi. Mwaka 1995 ilienea Pemba kisha Unguja habari ya popobawa. Watu wakahama vyumba vyao wakalala nje kwa makundi, mioto ikawashwa, na kila asubuhi ikaja habari mpya kubwa kuliko ya jana. Mjini Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na watu waliomdhania kuwa ndiye. Hakuwa na kosa. Damu yake ilimwagwa na khofu na uvumi.

Hatubishani hapa na kila aliyesema kuwa yalimfika. Tunalosema ni kwamba Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga tukaja kujuta. Wakati ule habari ilitembea kwa mdomo. Leo inatembea kwa simu, na inakuja na picha na muziki wa kutisha. Mzazi anayefanya mzaha kwa kumtisha mwanawe na jini wa kwenye filamu akumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake, hata kwa mchezo.

Je, kutazama kunajuzu?

Wanazuoni wa zama hizi wametofautiana kuhusu uigizaji wenyewe. Wapo waliouzuia kabisa na wapo walioruhusu kwa masharti. Lakini masharti ya walioruhusu yanajulikana: kusiwe na uchi, kusipambwe zinaa wala ulevi, kusifundishwe shirki na uchawi, na kusipoteze Sala. Tamthilia hii, kwa kuyapima hayo, haipiti hata sharti la kwanza. Basi hata kwa kauli iliyo nyepesi, si ya kutazamwa, na kumwachia mtoto aitazame ni kuvunja amana. Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga.

Tunaongeza kwamba hapana haja ya kupigana na televisheni. Visiwa hivi vilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, kabla ya majirani zetu wengi, na haikutufanya makafiri. Tofauti ni kwamba wakati ule chombo kilikaa barazani, kikitazamwa na watu wengi pamoja, na mtoto akiona kitu humuuliza babu yake palepale. Leo mtoto anajifunika shuka na simu ya binamu. Khofu anayoipata peke yake anabaki nayo peke yake. Hapa tumeanza kuifanana New York bila ya kuwa na maghorofa yake.

Tufanye nini

Kwanza, mtoto asichekwe wala asipigwe kwa kuogopa. Akae na mmoja wa wazazi aeleze alichokiona, kisha aelezwe kwamba wale ni watu waliolipwa kuigiza, jengo lile lina wakaazi wa kawaida, na damu ile ni rangi.

Pili, nyumba irejeshewe ulinzi wake. Isomwe Suratul Baqara, kwani imethibiti katika Sahih Muslim kwamba Shetani huikimbia nyumba inayosomwa ndani yake. Anayeshindwa kuimaliza kwa siku moja aigawe, familia isaidiane. Mtoto ahifadhi Ayatul Kursiy, Suratul Ikhlas, Falaq na Nas, azisome kabla ya kulala na apanguse mwili wake. Wakati wa Magharibi watoto waingizwe ndani na milango ifungwe kwa jina la Allah, kama tulivyofundishwa.

Tatu, pakihitajika kuzinguliwa, basi kuwe kwa Qur'ani na dua zilizothibiti, kwa sauti inayosikika na lugha inayofahamika. Aliye bora kumsomea mtoto ni mama yake na baba yake. Hili halina bei.

Nne, kabla ya kumtafuta mganga atafutwe fundi bomba. Anayeishi nyumba za ghorofa anajua kwamba maji mara nyingi huja usiku wa manane, na yanapoingia katika mabomba ya zamani yenye upepo, ukuta hugonga kama anayepiga hodi. Kuchunguza sababu iliyo wazi hakupingani na tawakkul.

Tano, jirani ajulikane. Mama abishe hodi ghorofa ya juu na ya chini, aulize nao wanasikia nini. Huenda akakuta wote wanne wanasikia sauti moja, na kila mmoja amejifungia na khofu yake.

Sita, hakuna karatasi ya mkopo inayosainiwa nyumbani bila ya mume na mke kujua, bila ya mashahidi, na bila ya kumuuliza mwenye elimu. Mwenye haja ya kweli aanze kwa jamaa zake, msikiti wake, au aombe mkopo mwema usio na ziada. Na wenye uwezo miongoni mwetu tujiulize: kwa nini mwenye shida mtaani kwetu anamjua mkopeshaji wa riba kabla ya kutujua sisi?

Jibu kwa muulizaji

Mama yetu, Allah akujaalie subira. Haijuzu kwako kukopa kwa riba, na haijuzu kumleta mganga huyo, hata kama angekuja bure. Bibi wa mtoto mweleze kwa adabu na upole. Yeye ana uchungu na mjukuu wake na hakukusudia ubaya, na pengine ukimuomba yeye mwenyewe amsomee mtoto Ayatul Kursiy kila usiku atafurahi zaidi kuliko kumuona mganga. Mpigie simu baba wa mtoto, mweleze yote, pamoja na lile deni ulilotaka kuchukua. Mpe fundi haki yake akatazame mabomba. Mtoto apande ngazi nawe siku chache, mkisema Bismillah pamoja mlangoni, kisha muache atangulie hatua mbili mbele yako, halafu tatu, mpaka azoee. Ikiwa usingizi utaendelea kumpotea baada ya wiki chache, mpeleke hospitali akaonwe na daktari, kwani Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tujitibu.

Na zile laki sita ambazo hukuwa nazo, mshukuru Allah kwamba bado huna deni lake.

Tunamuomba Allah (S.W.) azilinde nyumba zetu na watoto wetu, atutosheleze kwa halali Yake tusiihitaji haramu, na atukinge na shari ya Shetani na ya nafsi zetu. Amin.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.